Umbo la molekuli: hesabu jozi za elektroni, usihesabu atomu

Kaboni dioksidi ina atomu tatu, na maji pia yana tatu. Mwanafunzi wa Kisumu anayeamini kwamba idadi ya atomu ndiyo inayoamua umbo atazichora zote mbili kwa mstari ulionyooka, na moja atakuwa amekosea. CO₂ imenyooka, nyuzi 180. H₂O imepinda, nyuzi 104.5.

Ukweli ni kwamba elektroni za ganda la nje hukaa kwa jozi kuizunguka atomu ya kati, na jozi hizo husukumana mpaka kila moja iwe mbali na wenzake kadiri iwezekanavyo. Wanakemia Sidgwick na Powell walilieleza wazo hili mwaka 1940. Gillespie na Nyholm wakaliendeleza 1957. Kwa maji, hesabu ni hii: oksijeni ina elektroni 6 za nje, kila hidrojeni inaleta 1, jumla 8, yaani jozi 4. Mbili zimeshika hidrojeni. Mbili ni jozi pweke, hazijashika atomu yoyote.

Dhana potofu: jozi pweke haina kazi kwa kuwa haionekani kwenye fomula.

Hii ndiyo inayoharibu majibu mengi zaidi. Jozi ya bondi, yaani inayoshikanisha atomu mbili, huvutwa na viini viwili, hivyo hunyooka katikati ya viini hivyo. Jozi pweke huvutwa na kiini kimoja tu, hubaki karibu nacho, hutanuka na kuzibana jozi za bondi. Methani, gesi ya baiogesi ya kinyesi cha ng'ombe, haina jozi pweke kwenye kaboni: nyuzi 109.5. Amonia ina moja: takriban 107. Maji yana mbili: 104.5. Na amonia ikipokea ioni (atomu au kundi la atomu lenye chaji) ya hidrojeni kwa ile jozi pweke, inakuwa ioni ya amoniamu, ile iliyomo kwenye mbolea ya CAN (kalsiamu amoniamu nitrati), na pembe inarudi 109.5.

Dhana potofu: bondi maradufu, yaani atomu mbili zikishikana kwa jozi mbili, huhesabiwa mara mbili.

La. Jozi zake mbili zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo ni eneo moja. Chukua ioni ya kaboneti, iliyojaa kwenye maji ya magadi ya Ziwa Nakuru. Hesabu elektroni za nje za atomu zote: kaboni 4, oksijeni tatu 18, chaji hasi 2, jumla elektroni 24. Wengi husahau zile 2 za chaji, wakabaki na 22 na mchoro usiokamilika. Kaboni inazungukwa na oksijeni tatu, yaani maeneo matatu, haina jozi pweke, basi ioni ni bapa, nyuzi 120. Jozi pweke za oksijeni zilizo pembeni hazihusiki hapa. Anayeziingiza kwenye hesabu ndiye pia anayeipinda CO₂, ambayo kaboni yake ina maeneo mawili tu, bila jozi pweke.

Dhana potofu: methani ni msalaba wa nyuzi 90, kama ubaoni.

Ubao ni bapa, molekuli si bapa. Finyanga tonge la udongo, uchomeke vijiti vinne vya meno vyenye urefu sawa. Lisimamishe juu ya vijiti vitatu: cha nne kielekee juu wima. Geuza, usimamie vingine vitatu. Ikiwa sasa kile cha juu kimeinama, pembe hazijalingana, chomoa urekebishe. Kwa amonia, ondoa kijiti kimoja, ubandike pale donge nene la udongo kuwa jozi pweke, kisha sogeza vile vitatu vikaribiane kidogo.

Jina la umbo, hata hivyo, hufuata atomu peke yake. Jozi nne za maji zimepangika kama piramidi ya nyuso nne, lakini molekuli huitwa iliyopinda.

Dhana potofu: idadi ya jozi ikilingana, pembe ni zilezile.

Hidrojeni salfidi, gesi yenye harufu ya yai bovu iliyomo katika mvuke wa jotoardhi wa Olkaria, ina jozi mbili za bondi na mbili pweke, sawasawa na maji. Pembe yake ni takriban nyuzi 92. Salfa ni kubwa kuliko oksijeni na haivuti elektroni za bondi kwa nguvu hiyo, hivyo jozi za bondi ziko mbali nayo, husukumana kidogo tu, na zile pweke huzibana zaidi. Kuhesabu jozi kunakuambia kwamba pembe itakuwa chini ya 109.5, ni ndogo kiasi gani, hilo hupatikana kwa kupima.