Acheni kuniambia Singapore ilikuwa kijiji cha wavuvi

Juzi tena. Mjadala wa bajeti, watu wanachangia vizuri tu, afu anasimama msomi mmoja anayeheshimika anasema Singapore mwaka 1965 walikuwa maskini kama sisi Watanzania, kijiji cha wavuvi, wakapata kiongozi mmoja mkali, mambo yakanyooka. Ukumbi mzima makofi. Mimi kazi yangu ni uchumi wa ardhi na makazi, na hiyo sentensi nimeisikia redioni, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye semina, mpaka msibani nimeisikia. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Hili la wavuvi nilimalize haraka. Waingereza walifungua kituo cha biashara pale mwaka 1819. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 meli za Ulaya zinazoenda China zikawa zinapita mlangoni kwao, mpira na bati za nchi jirani ya Malaya (leo ni sehemu ya Malaysia) zikawa zinatokea pale kwenda duniani, na bati yenyewe walikuwa wanaiyeyusha hapohapo. Chuo cha udaktari wanacho tangu 1905. Kambi kubwa ya jeshi la majini la Uingereza ilifunguliwa 1938. Siku wanaachana na Malaysia, waliyokuwa sehemu yake, Agosti 1965, pato la mtu kwa mwaka lilikuwa kama dola 500 za Marekani wakati Kenya ilikuwa kama dola 100. Mara tano hiyo. Shida walikuwa nazo kweli, ajira hakuna, mabanda yamejaa mjini, maji wananunua Johor, jimbo la Malaysia lililo jirani, na Waingereza wakatangaza mwaka 1968 kwamba wanafunga kambi zao, kambi ambazo zilikuwa zinabeba karibu moja ya tano ya uchumi wote. Ila ulikuwa mji wa bandari wenye shida za mji wa bandari. Kijiji kilikuwa hadithi nzuri ya kuwasimulia wageni.

Viwanda navyo napita mbio maana vinasimuliwa vizuri kila mahali: mshauri wao Mholanzi Albert Winsemius alikuja na ujumbe wa UN 1960, Goh Keng Swee akawa waziri wa fedha, kinamasi cha Jurong kikageuzwa eneo la viwanda, kampuni ya Kimarekani ya elektroniki Texas Instruments ikaingia 1968, bandari ya makontena 1972. Hayo someni popote.

Kinachonikera haswa ni hiki. Ukimuuliza mtu Singapore walifanya nini atakwambia soko huria, nidhamu, hakuna rushwa. Neno ardhi halitaji kabisa! Na ukiitoa ardhi kwenye ile stori huna stori.

Februari 1960, wakiwa bado hata hawajawa nchi huru, walianzisha HDB, shirika lao la nyumba. Shirika la kikoloni lililotangulia lilikuwa limejenga nyumba kama 23,000 kwa miaka 32. HDB chini ya mwenyekiti wake Lim Kim San walijenga zaidi ya 50,000 ndani ya miaka 5 ya kwanza. Hazikuwa nyumba nzuri, nyingi zilikuwa chumba kimoja cha dharura kwenye jengo refu, lakini zilikuwa na maji na umeme na choo. Mei 1961 mtaa wa mabanda wa Bukit Ho Swee uliungua, watu kama 16,000 hawana pa kulala, serikali ikachukua eneo lote palepale na ndani ya mwaka mmoja waathirika wakaanza kuhamia maghorofani.

Afu ikaja sheria ya kutwaa ardhi ya 1966, na hapa naomba msome taratibu. Serikali inaweza kuchukua ardhi yako kwa sababu yoyote ya umma, ikiwemo makazi, biashara na viwanda, na mahakamani huendi kupinga kwa nini imechukuliwa, unaenda kubishania fidia tu. Na fidia yenyewe mwaka 1973 wakaipigia msumari kwenye bei ya Novemba mwaka huohuo. Ardhi ikipanda wewe fidia yako imebaki kulekule, na ilikaa hivyo zaidi ya miaka 10. Mwaka 1960 serikali ilikuwa na chini ya nusu ya ardhi, katikati ya miaka ya 80 imeshavuka robo tatu, leo ni kama asilimia 90. Nchi ambayo serikali ndo mwenye ardhi karibu yote, na watu wanne kati ya watano wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na shirika la serikali, na kampuni ya serikali inayoitwa Temasek ina hisa kubwa kwenye shirika la ndege, benki kubwa na kampuni ya simu, ndo mnatuletea kama mfano wa serikali kukaa pembeni?

Hela ya kujenga ilitoka wapi, maana hapo ndo penye utamu. Kuna mfuko unaitwa CPF, ni kama NSSF, tena waliuanzisha Waingereza 1955, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaweka 5. Serikali ya waziri mkuu Lee Kuan Yew, ndo yule kiongozi mkali, ikafanya mambo mawili. Mwaka 1968 ikaruhusu mtu atumie akiba yake ya CPF kununua nyumba ya HDB, sio asubiri azeeke. Na makato ikawa inayapandisha kila mishahara ikipanda, mpaka 1984 yakafika 25 kwa 25, yaani nusu nzima ya mshahara inaenda kwenye mfuko (leo jumla ni 37 kwa mfanyakazi wa chini ya miaka 55, ya kwetu NSSF ni 20). Huo mfuko unanunua hati fungani za serikali, serikali inaikopesha HDB, HDB inajenga kwenye ardhi iliyotwaliwa kwa bei ya chini, mfanyakazi ananunua kwa akiba yake ileile iliyoko CPF na rejesho la kila mwezi linakatwa humohumo bila yeye kushika hela mkononi. Ni mzunguko mmoja. Ukinyofoa kipande kimoja tu, sema fidia iwe ya bei ya soko au makato yawe madogo, ule mzunguko unakwama. Ndo maana nawaka mtu akija na pendekezo la kujenga "kama HDB" bila kusema ardhi atailipia nini na mnunuzi atakatwa wapi.

Hapa huwa kuna mtu makini ananiambia, lakini hata kwetu ardhi ni ya umma. Ndiyo! Na tuliwatangulia. Tanganyika ilifuta umiliki wa kudumu wa ardhi mwaka 1963 ikaugeuza kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini, miaka mitatu kabla ya ile sheria ya Singapore. Shirika la Nyumba la Taifa tulilianzisha 1962. Zanzibar baada ya mapinduzi serikali ilichukua ardhi, na Karume akajenga yale maghorofa ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1971 Tanzania Bara ikapitisha sheria ya kutwaa majengo. Kwa hiyo anayesema wenzetu walikuwa na maono sisi hatukuwa nayo hajasoma historia ya nchi yake.

Tofauti ilikuwa kwenye mambo ambayo hayaleti makofi ukumbini. Sisi 1971 tulichukua majengo yaliyokwisha kujengwa na watu wengine tukawa tunapangisha, wao walichukua viwanja, wakajenga vipya, wakauza. Aliyeuziwa anapaka rangi mwenyewe. Halafu mfanyakazi wao alikuwa na mshahara wa kila mwezi unaoweza kukatwa, wakati watu wetu wengi walikuwa wakulima, utamkata wapi mtu anayevuna mara moja kwa mwaka? Na kubwa kuliko yote, ambalo sijawahi kusikia linatajwa kwenye hizi semina: Singapore haina shamba. Nchi nzima, hata baada ya kujaza bahari kwa mchanga miaka yote hii, bado ni ndogo kuliko Pemba. Hakuna bara ambako kila mwaka vijana wanatoka kuja mjini. Wao ukijenga nyumba 10,000 foleni inapungua kwa watu 10,000, kwa sababu anayetaka kuhamia anapita uhamiaji. Dar es Salaam haiwezi kuweka uhamiaji Kibaha. Ukijenga Dar nyumba nzuri za bei nafuu unaita watu wengine waje Dar, na ni haki yao, ni nchi yao. Hili peke yake linatosha kuwafanya watu waache kulinganisha nchi-mji na nchi yenye mikoa, lakini wapi.

Sasa huyu kiongozi mkali. Lee Kuan Yew alikuwa na uwezo mkubwa, silibishi hilo. Lakini taasisi ya kupambana na rushwa mnayomsifia nayo iliundwa 1952 na Waingereza, yeye aliipa meno kwa sheria ya 1960 na, muhimu zaidi, akaiacha ing'ate watu wake. Waziri wa maendeleo ya taifa Teh Cheang Wan alikuwa anachunguzwa kwa rushwa alipojiua Desemba 1986. Aliyekuwa waziri wa uchukuzi, Iswaran, alihukumiwa kifungo cha miezi 12 mwaka 2024. Ukali wa hivyo, wa kuelekea ndani, sijasikia mtu akiuombea. Wanaouomba ni ule mwingine, wa Februari 1963 watu zaidi ya 100 kukamatwa wakiwemo viongozi wa upinzani kama Lim Chin Siong, wa aliyekuwa mbunge wa upinzani Chia Thye Poh kukamatwa 1966 akakaa kizuizini mpaka 1989 bila kesi kusikilizwa na vikwazo vyake kuondolewa kabisa 1998. Miaka 32 ya maisha ya mtu.

Je, huo ukali ulisaidia uchumi? Vitabu vingi vinajibu ndiyo au hapana kwa kujiamini sana, mimi nimelisoma muda mrefu na bado sijaridhika na jibu lolote. Ninayoirudia kila mara ni Hong Kong. Mji wa bandari, koloni la Waingereza, serikali ndo mwenye ardhi karibu yote na inapangisha, moto wa mabanda wa Shek Kip Mei 1953 ukaisukuma kujenga nyumba za umma, na ikatajirika miaka ileile bila Lee Kuan Yew yeyote. Lakini haikuwa na uchaguzi wa kweli pia, kwa hiyo haithibitishi kwamba demokrasia ingeweza. Inachothibitisha ni kwamba mtu mmoja hakuwa lazima. Upande wa pili, ile sheria ya ardhi ya 1966, kutwaa kwa bei ya zamani kwa miaka yote ile, sidhani ingepita kwenye bunge lenye upinzani mkubwa na wenye viwanja wenye magazeti. Hapo ndo mashaka yangu yalipo na hayajaondoka.

Na nyumba zenyewe ziligeuka siasa, hilo mtu wa makazi halikwepi. Uchaguzi wa 1997 waziri mkuu Goh Chok Tong alisema wazi kwamba mitaa itakayochagua chama chake ndo itakayotangulia kukarabatiwa. Tangu 1989 kila jengo lina kiwango cha watu wa kila kabila, Wachina, Wamalay, Wahindi, wasijitenge mitaa yao, nia nzuri na kwa kiasi kikubwa imefanya kazi, ila Mmalay akitaka kuuza kwenye jengo ambalo nafasi za Wachina zimejaa, wanunuzi wake wanapungua na bei inashuka. Gharama ya umoja wa taifa anailipa yeye. Ambaye hajaoa wala kuolewa anasubiri mpaka miaka 35 ndo anunue.

Na wanaojenga? Nchi ina watu kama milioni 6, raia ni kama milioni 3.6. Hizo nyumba zinajengwa na vijana kutoka Bangladesh na India wanaolala mabwenini, wengi chumba kimoja, hawawezi kununua hata moja, na Aprili 2020 korona ilipoingia yale mabweni ndo dunia nzima ikaona wanavyoishi. Ukisifia pato la Singapore kwa kichwa, hao kawaweke kwenye hesabu.

Mwisho kuna miaka 99. Watu wanasema Wasingapore karibu asilimia 90 wanamiliki nyumba, kumbe wamenunua upangaji wa miaka 99, ikiisha nyumba inarudi serikalini bila fidia. Majengo ya mwanzo kabisa yameshakula zaidi ya nusu. Wazee wamelundika akiba ya maisha yao yote kwenye kitu ambacho thamani yake, kikanuni, inaelekea sifuri. Serikali mwaka 2018 ilitangaza mpango wa wakazi kupiga kura jengo lao la zamani linunuliwe mapema, kura hizo bado hazijaanza kupigwa. Ikiwaongezea miaka bure, imewapa zawadi hawa na kuwanyima vijana ardhi ya kujengea. Ikiacha muda uishe, imewafilisi wapigakura wake wenyewe. Nimejaribu kuipiga hii hesabu kwa njia zote ninazozijua na sioni njia ambayo hakuna anayeumia.