Mmea wa mitungi umefika nyumbani umenyong'onyea: maswali na majibu

Mmea huu, ambao kisayansi huitwa Nepenthes, una jani linaloishia kwenye kikono, na mwisho wa kikono hicho huning'inia kimtungi chenye mdomo unaoteleza na kifuniko. Mdudu akidondoka ndani hatoki. Kwao hasa ni Borneo, Sumatra na Ufilipino, lakini wapo ndugu zake ng'ambo tu ya bahari yetu, Madagascar na Shelisheli. Bara la Afrika lenyewe halina hata aina moja ya asili. Unaouzwa zaidi madukani ni chotara aitwaye ventrata, mzaliwa wa aina mbili za Ufilipino, na ndiye mvumilivu kuliko wengi. Yafuatayo huulizwa sana na mtu aliyeununua juzi.

Mitungi yote imekauka ndani ya wiki moja. Umekufa?

Mara nyingi haujafa. Mtungi ndio wa kwanza kuondoka hewa inapobadilika, na mmea wako umetoka kwenye kitalu chenye unyevu mwingi, ukafungiwa gizani safarini, kisha ukawekwa sebuleni chini ya feni. Mtungi uliokwisha kukauka haurudi. Jani lililoubeba, hata hivyo, linaweza kubaki kijani kwa miezi mingi na ndilo linalolisha mmea, kwa hiyo kata sehemu kavu tu kwa mkasi safi, uache kila kilicho kijani.

Kinachokupa habari ya kweli ni kule juu, katikati, ambako jani jipya hutoka likiwa limejikunja. Shina likiwa gumu na jani hilo likisogea, hata kwa uvivu, mgonjwa anapona. Utaona kwenye ncha ya jani la kwanza kidonge kidogo, ukifurahie, kisha kikauke bila kuwa mtungi. La pili linaweza kufanya vilevile. Si ugonjwa: mmea bado unaizoea nyumba. Mpe miezi miwili au mitatu kabla ya kulalamika, na katika muda huo usiuhamishe leo dirishani, kesho uani, keshokutwa bafuni. Mimea hii inauawa zaidi na huruma kuliko na kusahauliwa.

Niuhamishie chungu kikubwa leo?

Acha. Mmea uliochoka safarini hauhitaji kukatwa mizizi juu ya uchovu huo. Ngoja mpaka uone jani jipya au mawili. Upandwe upya mapema endapo tu udongo unanuka uvundo au shina limelegea pale linapoingia kwenye udongo.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: mizizi ya mmea huu ni myeusi, myembamba na inakatika upesi kwa asili yake. Watu huiona, wakadhani imeoza, wakaikata yote. Uliooza ni ule unaobonyea na kuvuja ukiuminya.

Siku ya kuhamisha ikifika, usitumie udongo wa shamba, samadi wala mboji. Wenyeji wa mchezo huu hutumia kuvumwani cha sfagnamu, mmea mdogo laini unaoshika maji kama sifongo, kilichochanganywa na perlaiti, yaani punje nyeupe nyepesi za mawe ya volkano. Ukikosa, makumbi ya nazi yanafaa, ila uliza yametoka wapi. Makumbi ya kusokotea kamba hufukiwa kwenye mchanga wa pwani na maji ya bahari yakapita juu yake kwa miezi, yaani yamejaa chumvi. Yaloweke na kuyasuuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara kadhaa, au tafuta mengine.

Maji ya bomba yanatosha?

Hili ndilo swali lenyewe. Mizizi ya Nepenthes imezoea ardhi isiyo na rutuba, ndiyo maana mmea ukajifunza kula wadudu. Ukiumwagilia maji yenye chumvi, yawe ya bomba au ya kisima, kama ya visima vingi vya Dar es Salaam na miji ya pwani, chumvi hujikusanya chunguni mpaka ncha za majani ziwe kahawia. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Maji yenye chumvi zilizoyeyuka chini ya miligramu 50 kwa lita ni mazuri; kipimo hicho huandikwa kwenye lebo za maji mengi ya chupa, na chapa mbili zinaweza kutofautiana sana.

Ya mvua ndiyo bora na ni ya bure. Acha manyunyu ya kwanza yasafishe bati, kisha kinga kwenye ndoo au simtanki lenye mfuniko. Maji ya mvua yaliyokaa kwenye tangi la saruji lililojengwa karibuni yaepuke, kwa sababu saruji huyatia chokaa. Yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi pia yana chumvi kidogo sana na hufaa kwa mmea, ingawa si ya kunywa.

Wengine hununua maji ya betri kituo cha mafuta. Sawa, ila soma lebo mara mbili. Dumu la maji yaliyokenekwa na dumu la asidi ya betri hukaa rafu moja na wakati mwingine hufanana rangi. Asidi itaua mmea na itakuchoma macho na mikono. Kama lebo haisomeki, liache hapohapo.

Mwagilia juu mpaka maji yatoke chini, kisha subiri sehemu ya juu ya udongo ianze kukauka kidogo. Chungu kisisimame ndani ya maji.

Niuweke wapi?

Mahali penye mwanga mwingi usio mkali: barazani upande wa mashariki, au chini ya neti ya kivuli. Jua la asubuhi ni zuri, la saa saba mchana huunguza majani yaliyozoea kitalu. Ventrata hukubali joto la Tanga na ubaridi wa usiku wa Nairobi. Aina nyingine ni wachaguzi: za nyanda za chini hazipendi usiku ulio chini ya nyuzi 18 hivi, na za milimani hudhoofika zisipopata usiku wa baridi. Muulize muuzaji kabla ya kulipa. Kwa walioko Muscat au Dubai, adui ni upepo mkavu wa kiyoyozi. Walioko Ulaya, ni hita za majira ya baridi.

Niulishe nini ili upate nguvu?

Hakuna, kwa sasa. Nyama na dagaa zitaozea mtungini na kuuozesha nao. Mbolea udongoni huunguza mizizi. Mmea ukishapona, sisimizi watajileta wenyewe.

Kama mitungi ilimwaga ute wake njiani na bado ni mibichi, tia maji masafi kidogo, yafunike kitako tu. Kilichofungwa kifuniko usikifungue kwa kidole. Kitafunguka siku yake.

Muuzaji amesema unamaliza mbu. Kweli?

Si kweli, na ukizembea utafuga mbu. Mitungi hunasa sisimizi zaidi kuliko kitu kingine. Huko Asia wapo mbu wanaotaga ndani ya mitungi hiyohiyo na watoto wao wakakua bila kumeng'enywa.

Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza, Aedes, huuma mchana na hutaga kwenye vyombo vidogo vya majumbani: matairi, makopo, vyungu vya maua. Kisahani chini ya mmea wako ni zalia tosha. Yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja tu kwenye joto letu. Kwa hiyo mwaga kisahani kila unapomwagilia, na mara moja kwa wiki kisugue kwa brashi, kwa sababu mayai hugandia ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji. Bahati nzuri mmea wenyewe hautaki kisahani chenye maji.

Mulika mitungi kwa tochi ya simu. Ukiona viluwiluwi, inamisha mtungi umwage, urudishie maji masafi kidogo. Mtungi mzee uliokuwa kahawia na bado unashika maji, kata. Usitie mafuta ya taa. Yatamaliza viluwiluwi pamoja na mmea. Na chandarua kibaki kitandani.

Nina mtoto mdogo na paka. Ni hatari?

Mmea huu hauhesabiwi kuwa wa sumu. Malaysia kuna watu wanaopika wali wa kunata ndani ya mitungi yake. Lakini maji ya mtungi uliofunguka ni mchuzi wa wadudu waliooza, si dawa ya macho wala ya tumbo, hata jirani akiapa.

Hatari ndogo iko kwenye mikono yako. Sfagnamu inaweza kubeba kuvu anayeingia kupitia mchubuko na kusababisha ugonjwa uitwao sporotrikosisi. Vaa glavu, nawa kwa sabuni, na ukiona kinundu kisichopona mkononi baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari kuwa ulishika kuvumwani hicho. Perlaiti ilowanishe kabla ya kuimimina, vumbi lake huwasha mapafu.

Nitajuaje kuwa umeshindikana?

Shina likiwa kahawia na kulegea kutoka juu, kata kidogokidogo mpaka ukute kijani ndani. Kipande cha chini kikibaki na kijani, kiache kivulini, udongo uwe na unyevu wa wastani. Machipukizi hutokea pembeni, chini ya ulipokata, na huchukua wiki nyingi. Kahawia ikifika mpaka mizizini, hapo tupa, na chungu kioshe kabla hujakitumia tena.