Kwani mwenye sikoseli hapati malaria?

Hii ya kusema mwenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hashikwi na malaria nimeisikia tangu niko mdogo, na ukweli uko nusu tu. Anayekingwa ni yule aliyerithi jeni moja ya sikoseli kwa mzazi mmoja, sikoseli yenyewe haumwi, na hata yeye malaria anaipata ila mara nyingi haimfikishi pabaya. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya akasoma Oxford, ndo alionyesha hilo mwaka 1954 kwa kupima damu za watu Afrika Mashariki, baadaye utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, ukakuta kinga dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90. Sasa mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa mwenyewe, malaria kwake ni hatari kabisa, ndo maana kliniki wanampa dawa za kuzuia, na chandarua alale nacho kila siku jamani.