Je, wajua kwa nini mtu anashinda kesi ya viza Australia na bado anafukuzwa?

Mnaikumbuka ishu ya mcheza tenisi Djokovic Januari 2022? Alifutiwa viza airport Melbourne, akaenda mahakamani akashinda, siku 4 baadaye waziri akaifuta tena, akarudi mahakamani na safari hii majaji watatu wakamkatalia. Wengi walidhani jaji wa kwanza alimwonea huruma, hapana. Alishinda kwa sababu maofisa walimwambia ana mpaka saa 2:30 asubuhi ajieleze, halafu saa 1:42 viza ikawa imeshafutwa. Serikali yenyewe ikakubali kwamba hapo ilikosea.

Yeye hakufutiwa kwa ajili ya tabia, lakini mahakama inatumia kipimo hichohicho kwa wale wa kifungu cha 501 cha sheria yao ya uhamiaji, ndo kile cha tabia. Tangu Desemba 2014, ukihukumiwa miezi 12 au zaidi na uko jela unatumikia, viza inafutwa hapohapo, hata kama uliingia nchini ukiwa mtoto mchanga na wanao ni raia. Unapewa siku 28 kuomba irudishwe. Ofisa akikataa unaenda kwenye baraza la rufaa, hao wanapima kila kitu upya, watoto wako, afya yako, hatari ukirudishwa kwenu. Ila waziri akiamua yeye binafsi, baraza hulipati tena, imebaki mahakamani tu, kwa kawaida Mahakama ya Shirikisho, na njia ya mahakama bunge haliwezi kukufungia kabisa maana katiba yao inalinda haki ya kumshtaki ofisa wa serikali aliyevuka mipaka ya sheria kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi.

Sasa mahakama haiulizi kama uamuzi ni mzuri au wa kikatili. Inauliza ulifuatwa utaratibu au la: ulisikilizwa? hoja zako zilisomwa kweli? sheria ilieleweka sawasawa? Mwaka huohuo wa 2022 raia mmoja wa Zambia alishinda kwenye mahakama ya juu kabisa ya Australia kwa sababu baraza lilimhesabia matukio ya ugomvi wa nyumbani ambayo hakupewa nafasi ya haki kuyajibu. Viza hakurudishiwa siku hiyo, kesi ilirudi kwa baraza isikilizwe tena. Na kwenye kusikiliza tena wanaweza kufuata utaratibu vizuri kabisa halafu wakafikia uamuzi uleule, ndo hapo mtu anashinda na bado anapandishwa ndege.

Kinachoniuma ni kuona familia zinaweka barua za shule, za kanisani, za daktari mpaka wafike kwa jaji, wakati jaji kwa kawaida hazipimi kabisa. Hizo zinatakiwa ziingie ndani ya zile siku 28, zote, hata kama mhusika yuko jela na kiingereza kinamsumbua, mtafutieni mtu wa kumwandikia mapema. Ukiwa ndani ya Australia kwenda baraza ni siku 9 tu tangu upewe barua, na Mahakama ya Shirikisho ni siku 35.