Je, wajua kwa nini glasi ya maziwa hukuvuruga tumbo lakini kipande cha jibini hakikufanyi kitu?

Nusu saa ya kwanza huwa shwari. Umekunywa glasi ya maziwa, umeendelea na shughuli zako, umeshasahau. Kisha tumbo linaanza kunguruma, tena kwa sauti inayomfanya uliyeketi naye ajifanye hajasikia. Linajaa hewa, mkanda unabana, na baada ya muda unatafuta choo kwa haraka ambayo hutaki kumweleza mtu. Kesho yake unakula mkate wenye siagi na vipande viwili vya jibini, vitu vilivyotokana na maziwa yale yale, na tumbo limetulia tuli. Ukisimulia, utaambiwa unadeka, au kwamba maziwa ya jana yalikuwa yameharibika.

Hudeki, na huenda maziwa hayakuwa na kasoro yoyote. Mgomvi wako hapo ni sukari.

Sukari ya maziwa huitwa laktosi. Kila molekuli yake ni sukari mbili ndogo zilizoshikana, glukosi na galaktosi. Moja moja, ukuta wa utumbo mwembamba huzipitisha hadi kwenye damu bila taabu. Zikiwa zimeshikana hazipiti. Lazima zikatwe kwanza, na mkasi wa kazi hiyo ni kimeng'enya kinachoitwa laktasi, ambacho hukaa juu ya seli zinazofunika ukuta wa ndani wa utumbo huo. Majina yanafanana mno, kwa hiyo shika hivi: laktosi ni sukari, laktasi ni mkasi.

Mkasi ukiwa butu au haba, laktosi hupita nzima hadi utumbo mpana, na huko mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kwanza, sukari ambayo haijafyonzwa huvuta maji na kuyashikilia ndani ya utumbo, na ndiyo maana choo huwa laini au majimaji kabisa. Pili, utumbo mpana una bakteria wasiohesabika, na kwao laktosi ni karamu. Wanaichachua, na katika kuichachua wanatoa gesi: haidrojeni, kaboni dayoksaidi, na kwa baadhi ya watu methani pia. Gesi hiyo ndiyo inayokutanua tumbo na kukukata. Nyingi hutoka kwa njia unayoijua. Nyingine hupenya ukuta wa utumbo, ikaingia kwenye damu, ikafika mapafuni na kutoka na pumzi. Hili la pumzi nitalirudia.

Sasa tuje kwenye jibini. Ukigandisha maziwa ili upate jibini, unatenga bonge na maji. Laktosi huyeyuka majini, kwa hiyo sehemu kubwa huondoka na yale maji yanayochujwa. Ile kidogo iliyobaki kwenye bonge huliwa na bakteria wakati jibini linaiva, wakaigeuza kuwa asidi ya laktiki. Jibini gumu lililokaa miezi kadhaa huwa karibu halina laktosi hata chembe. Siagi nayo ni mafuta kwa sehemu kubwa, samli ndiyo zaidi, na laktosi haikai kwenye mafuta.

Hapo hapo ndipo watu wengi hukosea. Mtu akisikia maziwa yanamsumbua, anahamia maziwa yaliyoondolewa mafuta akidhani amechagua mepesi. Mafuta yametoka, laktosi imebaki yote. Kuyachemsha hakusaidii pia. Na maziwa ya mbuzi, ambayo husifiwa sana kwa ajili hii, yana laktosi inayokaribia ile ya maziwa ya ng'ombe.

Mtindi ni kisa cha peke yake, na mimi hukiona kizuri kuliko vyote. Ukiupima, bado una laktosi ya kutosha. Lakini bakteria walioutengeneza wamebeba mkasi wao wenyewe. Unawameza wakiwa hai, wanavuka tumbo, wanafika kwenye utumbo mwembamba, na nyongo inazitoboa kuta zao. Kimeng'enya walichokuwa nacho kinaanza kuikata laktosi ya ule ule mtindi waliokuja nao. Isitoshe, mtindi ni mzito, hivyo hutoka tumboni polepole na kuupa utumbo nafasi ya kufanya kazi. Sharti ni bakteria wawe hai. Mtindi uliopashwa moto baada ya kuganda, ili ukae muda mrefu dukani, unapoteza msaada huo.

Swali linalofuata huulizwa kwa mshangao: mbona utotoni nilikuwa nakunywa bila shida?

Kwa sababu utotoni mkasi ulikuwepo. Maziwa ya mama yana laktosi kama asilimia 7, kuliko ya ng'ombe ambayo yana karibu asilimia 5, na mtoto mchanga huzaliwa na laktasi tele ya kuyamudu. Karibu wanyama wote wanaonyonyesha wako hivyo, na huanza kupoteza laktasi baada ya kuachishwa ziwa. Binadamu wengi hufuata mkondo huo huo. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi mbili hivi ya watu wazima duniani hawaimeng'enyi laktosi ipasavyo. Laktasi hupungua taratibu kwa miaka, ndiyo maana mwingine hugundua akiwa na miaka 15, mwingine 30, na kila mmoja huamini ni yeye peke yake.

Ukilitazama hivyo, mwenye jambo la ajabu ni yule mzee anayemaliza jagi la maziwa na kwenda kulala. Yeye ndiye aliyebadilika. Jeni ya laktasi iko kwenye kromosomu ya 2, na swichi yake, yaani sehemu ya kuiwasha na kuizima, imefichwa ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walionyesha kwamba herufi moja tu ya DNA ikibadilika kwenye swichi hiyo, laktasi haizimiki ukubwani. Mwaka 2007 timu ya mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff ikachapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Wengi wao walimudu maziwa, ila herufi ile ya Finland hawakuwa nayo. Walikuwa na mabadiliko mengine, yaliyotokea kivyake, kwenye swichi ile ile. Yaani jamii za wafugaji zilizokuwa mbalimbali zilifika mahali pamoja kwa njia tofauti. Kwa sababu hiyo neno "upungufu" ambalo hutumika kwa hali hii hunikera kidogo: mtu anaitwa mpungufu kwa kuwa kama karibu wanyonyeshaji wengine wote.

Tena, kufuga na kunywa maziwa kwingi hakumaanishi kuwa na swichi hiyo. Wafugaji wa Mongolia hutumia maziwa kwa wingi mno, na wengi wao hawana. Huyachachua kwanza.

Kwa anayeishi na hali hii, jambo la kushika ni kiasi. Nasikitika kuona mtu ameharisha mara mbili, akafuta kila chenye maziwa katika maisha yake, hadi mkate uliopakwa siagi. Glasi ya mililita 250 ina laktosi kama gramu 12, na wengi wasioimeng'enya wanaweza kubeba kiasi hicho kwa mara moja bila dalili za maana, hasa kikiingia pamoja na chakula. Ile ile ikinywewa kwenye tumbo tupu asubuhi inaweza kuleta vurugu. Ikigawanywa nusu sasa na nusu jioni, mara nyingi hata huhisi.

Kuna utafiti wa mwaka 1995 uliochapishwa katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine ambao napenda kuutaja. Watu 30 waliosema maziwa huwasumbua vibaya walipewa mililita 240 kila siku pamoja na kifungua kinywa: wiki moja maziwa ya kawaida, wiki nyingine maziwa ambayo laktosi yake ilishakatwa. Ladha ilisawazishwa ili wasijue ni yapi. Tofauti ya dalili kati ya wiki hizo mbili ilikuwa ndogo isiyo na uzito. Na walipopimwa, 9 kati ya wale 30 walikuwa wanaimeng'enya laktosi vizuri tu. Hawakuwa waongo. Tumbo hujaa gesi kwa sababu nyingi, na maziwa, kwa kuwa yana jina baya, hubebeshwa lawama za maharage na vitunguu.

Njia ya kujua kwa hakika ni ile ya pumzi niliyoitaja. Unafika hospitalini ukiwa hujala tangu usiku. Unapuliza kwenye mfuko au kifaa, wanaandika namba ya kuanzia. Unapewa kinywaji chenye laktosi iliyopimwa, gramu 25 au 50, kitamu kidogo tu kwa sababu laktosi haina utamu mkali. Kisha unakaa. Kila baada ya dakika 15 hadi 30 unapuliza tena, kwa saa mbili au tatu, huku tumbo likianza hadithi zake. Seli zetu hazitengenezi haidrojeni; ikionekana kwenye pumzi, imetoka kwa bakteria. Haidrojeni ikipanda kwa chembe 20 au zaidi katika kila milioni kupita namba ya kuanzia, laktosi imefika kusikotakiwa. Wapo wenye vijidudu vinavyotengeneza methani badala yake, hivyo vipimo vizuri hupima gesi zote mbili.

Hapa nitoke kidogo nje ya mada, kwa kuwa kuchanganya mambo haya mawili kunaweza kuua. Mzio wa maziwa ni ugonjwa mwingine kabisa. Humo kinga ya mwili huipiga vita protini ya maziwa, na sukari haihusiki. Dalili ni kama vipele, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana, na mara nyingine mshtuko wa mwili mzima. Mwenye mzio hana "kiasi chake": asijaribu jibini, wala mtindi, wala maziwa yasiyo na laktosi, maana protini bado imo. Na anayeona damu kwenye choo, anayekonda bila sababu au anayeamshwa usiku na kuharisha asijitibu kwa kuacha maziwa. Aende kwa daktari.

Kuna pia hali ya muda. Ukiugua tumbo la kuhara, ukuta wa utumbo huchubuka, na laktasi iliyokaa juu yake huondoka nayo. Kwa siku au wiki kadhaa maziwa yanaweza kukutibua hata kama hayajawahi kukusumbua, kisha ukuta unapona na mambo yanarudi.

Katika maisha ya kila siku, kinachomshika mtu ni chakula cha pakiti. Unga wa maziwa huingizwa kwenye biskuti, soseji, supu za unga na viungo vya chipsi, mahali ambapo hungetarajia. Soma lebo, lakini usiogope kila neno linaloanza na "lakt": asidi ya laktiki si laktosi. Vidonge vingi vya dawa vina laktosi ya kujazia, ila mara nyingi haifiki gramu moja, na wachache sana huihisi. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu hiyo; muulize mfamasia.

Maziwa yanayouzwa kama hayana laktosi ni maziwa halisi yaliyotiwa laktasi kiwandani. Sukari imeshakatwa kabla hujafungua pakiti, ndiyo maana yana utamu zaidi bila kuongezwa chochote: glukosi na galaktosi zikiachana huwa tamu kuliko zilivyokuwa zimeshikana. Laktasi ya vidonge nayo ipo. Humezwa pamoja na tonge la kwanza. Ukikumbuka baada ya kula, umechelewa, mzigo umeshapita.

Anayeamua kuyaacha maziwa kabisa atafute kalsiamu kwingine. Glasi moja ina karibu miligramu 300, na mtu mzima huhitaji kama 1,000 kwa siku. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao wanafaa sana, na mboga za kijani za jamii ya kabichi pia. Mchicha una sifa kubwa, ila asidi yake ya oksaliki huishikilia kalsiamu isifyonzwe.

Na kuna njia ya wenye subira. Anza na vijiko vichache vya maziwa pamoja na chakula, kila siku, ukipandisha kidogo kidogo. Watafiti waliowapa watu laktosi kila siku kwa siku 10 hivi waliona haidrojeni kwenye pumzi zao ikishuka sana. Laktasi yao ilikuwa ndogo vile vile. Waliobadilika ni bakteria wa utumbo mpana: wanaoila laktosi bila kutoa gesi nyingi walikuwa wameongezeka. Ukiacha maziwa kwa muda, nao hupungua, na itabidi uanze upya na vijiko.