Adui wa Staringi Naye Ana Kwao

Kibanda cha video cha mtaani kwetu, Kariobangi, kilikuwa na sheria moja isiyobandikwa ukutani: staringi hafi. Ulitoa shilingi tano, ukabanana na wenzako kwenye benchi, na kabla majina hayajamaliza kupita kwenye skrini ulishajua nani wa kushangiliwa na nani wa kuzomewa. Siku niliyoropoka kwamba yule adui mwenye kovu ameonewa, maana ndugu yake ndiye aliyeuawa kwanza, nilirushiwa maganda ya njugu kutoka benchi la nyuma. Siku hizi natazamia nyumbani kwenye kochi. Maganda hayapo, ila maneno ni yaleyale.

Dhana: ukimhurumia mtu mbaya kwenye filamu, umeyabariki matendo yake.

Ukweli: kumwelewa mtu si kumtetea. Murray Smith, mtaalamu wa filamu wa Uingereza, aliyatenganisha haya mawili katika kitabu chake cha mwaka 1995: filamu inaweza kutusogeza karibu na mhusika, tukaona anayoyaona na kujua anayoyajua, bila kututia upande wake. Mchukue Killmonger, adui wa staringi katika Black Panther, filamu ya mwaka 2018 ambayo wengi wetu hapa Nairobi tuliiendea kwa sababu ya Lupita wetu. Baba yake aliuawa na ndugu wa damu, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, kisha mtoto akaachwa Oakland, Marekani, kama mzigo uliosahauliwa stejini. Huyohuyo, alipokua, anampiga risasi mpenzi wake bila kupepesa jicho. Kwenye matatu ya kurudi mtaani tulibishana mpaka makanga akaingilia, na hakuna hata mmoja aliyesema kuua ni sawa. Tulichosema ni kwamba yule mtoto alipaswa kurudishwa kwao. Filamu yenyewe inalikubali hilo: mwishoni T'Challa, staringi na mfalme mpya wa Wakanda, anakwenda Oakland, akiwa ameshayanunua majengo ya mtaa ule.

Dhana: anayechukiwa na wengi ndiye aliyetenda mabaya zaidi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watazamaji wengi tunajikwaa. Breaking Bad, tamthilia ya Marekani, ilionyeshwa kuanzia 2008 hadi 2013. Walter White, mwalimu wa kemia mjini Albuquerque, anapata saratani, anaanza kupika dawa za kulevya, anaua, na hata mtoto wa wenyewe anamtilia sumu. Mkewe, Skyler, anang'amua kwamba anadanganywa, anataka talaka, anataka watoto wake wawe salama. Aliyeporomoshewa matusi ni nani? Skyler. Si malaika, nakubali: alivuta sigara akiwa mjamzito, akatoka nje ya ndoa na bosi wake, na baadaye akasaidia kusafisha pesa chafu. Lakini yaweke hayo kwenye mizani na ya mumewe, uone upande upi utagusa ardhi. Agosti 2013 mwigizaji wake, Anna Gunn, aliandika katika New York Times kwamba chuki ile ilivuka kutoka kwa mhusika ikamfikia yeye mwenyewe, hadi mtu mmoja akauliza mtandaoni ampate wapi amuue. Mwezi uliofuata alishinda tuzo ya Emmy kwa uhusika huohuo, na mwaka 2014 akashinda tena.

Kwa nini yeye? Kwa sababu kamera inaamka na Walter na kulala na Walter. Siri yake tunaijua kabla ya mke, na tukishaijua tunatamani isifichuke. Basi anayeuliza "Ulikuwa wapi?" anageuka kero, kama askari wa kanjo anayetokea wakati biashara imechangamka. Ndiyo maana siku hizi nikijikuta namchukia mtu kwenye kipindi, najiuliza kwanza: anamzuia nani? Halafu naigeuza hadithi. Ianze jikoni, mwanamke ana mimba kubwa, anagundua mumewe ana simu ya pili, na mume anakana kama vile haelewi hata simu ni nini. Hapo nani angemzomea Skyler?

Dhana: wanaowapenda wabaya nao wana ubaya moyoni.

Ukweli: Rebecca Krause na Derek Rucker wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2020 wakitumia data ya tovuti ya mashabiki wa wahusika. Waliona kwamba watu huvutiwa zaidi na mbaya anayefanana nao kitabia. Maelezo yao ni kwamba hadithi inatupa nafasi ya kumkodolea macho mtu wa aina yetu, pamoja na giza lake, bila kuchafua namna tunavyojiona. Ukikutana naye River Road usiku, ni mambo mengine.

Dhana: huruma ya namna hii ni mambo ya kizungu, wazee wetu walijua mwema na mwovu basi.

Ukweli: Pwani kuna kisa cha Fumo Liyongo, anayeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Sijui nani alaaniwe kuliko mtoto huyo. Lakini utenzi hauanzi na sindano. Kwanza unamwonyesha mfalme, adui wa Liyongo, akimrubuni kijana kwa ahadi ya cheo na mke. Na baada ya mauaji unatueleza alivyougua akafa. Utenzi haumsamehi, ila haumfichi. Hata wazee wetu walitaka tujue sindano ilitoka mkononi mwa nani.

Dhana: mhusika si mtu, matusi hayamuumizi yeyote.

Muulize Ahmed Best, aliyemwigiza Jar Jar Binks, mhusika aliyekejeliwa sana na mashabiki, katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1999. Mwaka 2018 alieleza kwamba kejeli zile karibu zimsukume ajiue. Mwaka 2023 alirudi kwenye ulimwengu huohuo wa Star Wars, safari hii akiwa Jedi, mmoja wa mashujaa wa hadithi hizo, anayemwokoa mtoto, na nilishangilia peke yangu sebuleni kama mwendawazimu.

Dhana ya mwisho ni ya kaka yangu: ukishaanza kumhurumia adui, utamu umeisha.

Jioni moja tulikuwa kwa mama, Buruburu, tunatazama tamthilia. Mama mkwe wa kwenye kipindi alikuwa anamfukuza mkaza mwana, na mama yetu alikuwa ameshautupa mto mmoja kuelekea runinga, vitambaa vya kochi viko sakafuni.

"Lakini Mama," nikasema, "si alisema mwanawe hajamtumia hata shilingi tangu aoe?"

Akanitazama. Akaokota kitambaa, akakikunja, akakikunjua.

"Hata kama," akasema.

Hakuacha kumchukia. Ila stima ilipopotea dakika kumi kabla ya mwisho, ni yeye aliyepapasa simu gizani akampigia mama mdogo kule Nakuru.

"Huko stima iko? Haya, niambie. Yule mama mkwe… amekula?"