Mgongo kwa tundu dogo: vifaa ninavyovihitaji Mtwara

Msimu wa korosho ukikolea, kliniki hupokea makuli wa maghalani. Gunia moja ni kilo 80, na kiuno hakibembelezeki. Diski kati ya pingili ikipasuka, kiini chake huchomoza na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu hushuka kutoka kiunoni mpaka unyayoni. Wengi hupona kwa dawa, mazoezi na wiki kadhaa za subira. Wasiopona huniuliza: "Dokta, nasikia Dar wanatoboa tu, hawapasui. Wewe huwezi?"

Naweza, nikiwa na vifaa. Ila vifaa vyenyewe sivyo ambavyo watu hudhani.

Kwa njia ya zamani tunachana ngozi, tunabandua misuli kwenye mfupa, kisha tunaifuata diski. Kwa tundu dogo napitisha kijiti chembamba katikati ya misuli, halafu mirija, mnene juu ya mwembamba, ikiachanisha nyuzi bila kuzikata, mpaka ubaki mmoja wenye upana wa milimita 18 hivi. Ndani ya huo ndimo ninamofanyia kazi. Madaktari Foley na Smith waliieleza njia hii mwaka 1997, wakitumia kamera. Darubini ilikuwa imeingia kwenye upasuaji wa diski tangu 1977. Mgonjwa hupoteza damu kidogo na kwa kawaida hurudi nyumbani mapema, jambo kubwa kwa anayelipwa kwa gunia. Lakini baada ya mwaka mmoja au miwili, maumivu ya mguu huwa yamepungua karibu sawa kwa njia zote mbili. Nalisema hili hata kama linapunguza sifa za matundu.

Sasa, jeraha likiwa dogo hivyo, jicho la daktari ni eksirei. Mashine yenyewe ni ile ya mkono uliopinda, inayozungushwa juu ya meza ya upasuaji. Bila hiyo siwezi kuwa na hakika kwamba nipo pingili ya nne na si ya tatu. Ikizimika katikati ya kazi, napanua jeraha na kurudi kwenye njia ya zamani. Roboti inayoelekeza skrubu za kuunga pingili ni kitu kizuri, sikatai, lakini haitangulii eksirei.

Kununua mashine ndiyo sehemu nyepesi, maana hata mfadhili hupenda kupigwa picha nayo. Kazi huanza baadaye: fundi wa vifaa tiba awe karibu, vipuri vipatikane, umeme usiyumbe, aproni za madini ya risasi, za kuzuia mionzi, ziwatoshe wote waliomo chumbani, vichwa vya kukerezea mfupa visiishe. Seti za skrubu mara nyingi ni za kuazima kwa muuzaji aliyeko Dar, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, na zikifika lazima zioshwe na kutakaswa upya. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara maeneo ya Somanga, gari lenye sanduku kama hilo lisingepita.

Kisha kuna mkono. Njia hii hujifunzwa kwa kurudiarudia, na wagonjwa wetu wengi wakipelekwa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili huko Dar, hapa kwetu hubaki wachache tu wa kujizoeshea. Muuguzi wa chumba cha upasuaji na mtaalamu wa mionzi nao wanahitaji mazoezi hayohayo.

Mkwezi aliyeanguka mnazini, pingili imesagika na miguu imekufa ganzi, mara nyingi simwahidi tundu. Wala mwenye kifua kikuu cha mgongo kilichokwisha kumletea kibiongo. Hao mara nyingi huhitaji jeraha pana, na njia ya zamani bado ina heshima yake.

Kwenye vikao vya manunuzi naomba kwanza eksirei yenye mkataba wa matengenezo wa miaka kadhaa, bei ya mkataba ikiwa imeandikwa ndani ya bei ya mashine. Halafu seti ya mirija, miwani ya kukuzia na taa ya kichwani. Darubini, bajeti ya mwaka unaofuata.